Mchezo Niliomtengenezea Baba Mdogo

Nimemuua baba mdogo mara nne, na zote nne nilizifanya kwa utulivu, nimekaa, kikombe cha chai pembeni. Nilimuua kwenye simu. Nilitengeneza mchezo, ule wa kusoma: picha inasimama kwenye kioo, maneno yanapita chini yake, na kila baada ya muda unaulizwa ufanye hiki au kile. Ukichagua, hadithi inafuata njia yako. Mchezo wangu una njia nyingi na miisho minne, na katika yote minne mzee mmoja mwenye kofia ya pama na jino la mbele lililovunjika anapata alichokitafuta. Baba mdogo ana kofia ya pama. Jino nalo ni lake. Sikutaka mtu apate shida ya kubahatisha.

Watu wa mbali walioucheza huniandikia kwamba ni hadithi ya kutisha yenye falsafa nzito. Nawashukuru. Falsafa sikuwa nayo. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilianzia kijijini kwetu Kanazi, kwenye kibanja cha baba yangu, shamba lake la migomba na nyumba.

Baba alipofariki alituacha wawili, mama na mimi. Sina kaka. Jambo hilo likitajwa msibani, watu wa kwetu hutikisa kichwa, wakaguna, wakamtazama mjane kwa namna ambayo sijawahi kuisamehe. Matanga yalipokwisha ukoo uliketi uani kumtaja msika, yaani mrithi, yule anayeshika kibanja na kiti cha marehemu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nina cheti, nina kazi mjini, nimemuuguza baba miezi saba kwa mikono yangu hii. Nikaambiwa nikapike chai. Nilipotoka na birika, baba mdogo alikuwa ameshavishwa koti la baba, lile la kijivu la kanisani, mikono ya koti imempita vidole. Hakuna aliyenitazama kwa ubaya. Ningependa wangenitazama kwa ubaya. Walipokea vikombe, wakasema asante, wakaendelea na mazungumzo yao.

Sasa, kwetu mpaka hauwekwi kwa waya wala kwa jiwe. Unapandwa mlamula, mti mwembamba wa majani marefu ambao kila mtoto wa Kihaya anafundishwa kutoung'oa kabla hajafundishwa kusoma. Baba alikuwa mtu wa kuona mbali. Mwaka wake wa mwisho, akiwa bado anaweza kuinama, alipanda milamula kumi na mmoja kukata sehemu ya mama: nyumba, migomba ya nyuma, na chini ya migomba hiyo mahali alipotaka azikwe yeye, na nafasi ya mtu wa pili pembeni yake. Mimi ndiye niliyemshikia miche. Aliipima kwa hatua zake, akihesabu kwa Kihaya, na kila baada ya mmoja anapumzika, anasema, "Hapa hata kipofu ataona." Majirani wawili walisimama wakashuhudia, wakanywa olubisi, pombe ya ndizi, wakaenda zao.

Baba mdogo alikaa na koti lile mwaka mmoja bila kufanya lolote. Mwaka wa pili aling'oa milamula yote kumi na mmoja akaipanda upya hatua mbili kutoka ukuta wa jiko letu. Kaburi la baba likawa upande wake. Jirani mmoja alikuwa ameshafariki, wa pili akasema macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Kisha baba mdogo akaja kwa mama, kofia mkononi, mpole kama mchungaji, akamwambia, "Shemeji, huna mtoto wa kiume. Utabaki hapa na nani? Rudi kwenu Muleba ukapumzike." Akampa na mkungu wa ndizi wa njiani.

Mama hakwenda Muleba. Alikuja kwangu mjini, mtaa wa Nyanga, kwenye vyumba viwili nilivyopanga, na mkungu ule ule kichwani, kwa sababu mama hatupi chakula hata kikitoka kwa mwizi. Alikuwa na ombi moja tu, na alilisema kwa sauti ya mtu anayeomba maji: akifa azikwe pembeni ya mume wake. Baba mdogo akatuma jibu kwamba pale ameshapanga kupanda kahawa.

Najua unachotaka kuuliza, maana kila mtu mjini aliniuliza. Mahakama ipo, sheria za siku hizi zinasema vingine, mwanamke ana haki. Ni kweli. Nilishachukua hata fomu. Mama akaisoma yote, herufi kwa herufi, miwani puani, akanirudishia. "Nikimpeleka shemeji yangu mahakamani nikashinda," aliniambia, "siku ya kunizika nani wa ukoo atashika jembe? Utachimba wewe?" Nikasema nitachimba mimi. Akacheka, si cheko la furaha, akaingia jikoni.

Basi hasira ikabaki haina pa kwenda. Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la uchapaji mjini Bukoba: kadi za harusi, mabango, fulana za msiba, picha za pasipoti. Kazi yangu hasa ilikuwa kusafisha picha za marehemu. Watu wanakuja na picha ya harusini, marehemu kasimama katikati ya wenzake, wanataka abaki peke yake na nyuma pawe na mawingu. Nilikuwa fundi wa kumwondoa mtu pichani bila kuacha hata kivuli cha bega. Mara ngapi nimetamani kazi hiyo ifanyike Kanazi.

Kipindi hicho rafiki yangu niliyesoma naye chuo alinitumia hadithi za zamani za Kiingereza, za kutisha. Nilidhani ni mashetani na wachawi, nikataka kuziacha. Hazikuwa hivyo. Zilisimulia vitu vikubwa mno vilivyolala chini ya bahari na nyuma ya nyota, vilivyokuwepo kabla ya mtu wa kwanza, na mtu akiviona akili inamtoka. Kilichonishika hakikuwa ukubwa wake. Ni kwamba vitu vile havimchukii mtu. Havimjui kabisa. Mtu anapiga kelele, anaomba, anajitetea, na kile kitu kinageuka usingizini. Nilifunga simu. Nilikuwa nimeshakaa mbele ya kitu cha namna hiyo, tena nikakimiminia chai.

Nikaanza kuchora. Nilichora Jumapili baada ya ibada, na dukani wateja wakipungua, kwenye kompyuta ya mtumba iliyokuwa ikipata moto hadi naiwekea kitambaa kilicholowa chini. Kujifunza kuunganisha picha, maneno na chaguzi kulinichukua karibu miaka miwili, nikifuata mafunzo ya bure ya mtandaoni na kukosea kila hatua. Mama alikuwa anapita nyuma yangu na ufagio. "Bado unamchora yule?" anauliza. Nasema bado. "Mnenepeshe kidogo," anasema, "siku hizi amenenepa."

Hadithi yenyewe ni hii. Mzee mmoja anakabidhiwa kibanja kisicho chake. Kila asubuhi anang'oa mlamula mmoja wa mpaka na kuupanda mbele kidogo. Ardhi haikatai. Inampa. Akisogeza hatua moja, kibanja kinaongezeka hatua kumi. Anafurahi sana mzee wa watu. Siku ya kumi na moja anaamua kuzunguka mali yake yote, anatoka saa tatu asubuhi na fimbo, jua zuri, na hafiki mwisho. Migomba inafuatwa na migomba. Anasikia wake za watu wakitwanga, watoto wakitoka shule, kengele ya kanisa, vyote upande wa pili wa majani, karibu kabisa, na akifunua majani ni migomba tena. Baadaye mchezaji anaanza kuelewa kwamba ardhi inapanda na kushuka taratibu. Inapumua. Kuna kitu chini kilicholala kabla ziwa halijajaa maji, na kibanja chote, na Kanazi, na Izimbya, ni manyoya tu ya mgongoni pake. Milamula ndiyo iliyokuwa inakiambia mahali ngozi yake inapoishia. Sasa hakijui tena, kwa hiyo kinanyooka.

Uchague njia gani, mzee anaishia ndani. Kwenye mwisho wa kwanza anatembea mpaka anasahau jina lake. Kwenye wa pili anageuka mgomba na hazai. Kwenye wa tatu anafika nyumbani, anakuta koti limekaa kwenye kiti chake na mkewe analipakulia chakula. Wa nne sitausimulia, maana nilipoumaliza hata mimi nilitoka nje nikasimama barabarani kidogo, nione watu.

Ila niseme ukweli. Aina hiyo ya hofu ilinikorofisha. Mimi nilitaka baba mdogo aadhibiwe, na kuadhibiwa kunataka mwenye kuadhibu, mtu anayekujua kwa jina na kukukalia kooni. Kile kitu changu cha chini hakikuwa na habari naye. Kilimmeza pasipo kujua kimemeza. Nilijaribu kukipa hasira, nikakiandikia maneno, kikawa kituko, shetani wa kwenye kanda za video. Nikayafuta. Nikajifariji kwamba kama kitu kile hakimjui, mimi namjua, inatosha.

Kwa ajili hiyo nilichora kibanja kwa usahihi wa kishenzi. Kila mgomba niliokumbuka, mti wa mwiruti uliopasuliwa na radi, kisima, jiko. Milamula kumi na mmoja niliiweka pale pale ilipokuwa siku ile baba alipohesabu hatua, kwa sababu bado nazikumbuka mwilini. Nilikuwa nataka tu anayekijua kibanja akitambue. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Nikauweka mtandaoni kwa Kiswahili, bure, na nikautuma kwa binti mmoja wa kwaya ya vijana kule Kanazi niliyekuwa namtengenezea kadi ya harusi. Wiki mbili hazikupita. Vijana walirushiana simu kwa simu, wakausoma kwa sauti wakisubiri mazoezi ya kwaya, mmoja anasoma mzee, mwingine anasoma ardhi. Baba mdogo alikuwa mzee wa kanisa. Akipita na sahani ya sadaka wanainamisha vichwa, si kwa sala. Wanawake sokoni walianza kumsalimia kwa heshima ya mzaha, "Waitu, leo umefika mwisho wa shamba?" Wachumaji wa kahawa wakakataa kuingia kwenye kibanja chake ukungu ukiwepo. Kila habari iliyonifikia nilimsimulia mama tukila, kwa madoido, na nilikula vizuri miezi ile. Niliongezeka kilo.

Kisha likatokea jambo ambalo sikulipanga. Vijana wa kwaya, kwa ujinga wao mtamu, wakaamua kuhakikisha. Jumamosi moja mchana waliingia kibanjani na simu mkononi, wakilinganisha picha zangu na ardhi. Mwiruti upo. Kisima kipo. Wakasimama pale picha inapoonyesha mlamula wa kwanza, wakakuta chipukizi. Mlamula hauondoki kwa kung'olewa mara moja, baba mdogo alijua hilo kama anavyojua kila mkulima, lakini mtu mwenye haraka hukata na kuacha mzizi. Wakafuata picha hatua kwa hatua. Walikuta machipukizi tisa kati ya kumi na moja, yamenyooka mstari mmoja nyuma ya kaburi la baba, mbali sana na ukuta wa jiko. Wakapiga picha. Jioni ile nilipelekewa picha hizo na watu kumi na wanne tofauti.

Nililia. Halafu nikacheka mpaka mama akatoka kuona kuna nini. Nikamwonyesha. Alishika simu kwa mikono miwili, akayatazama machipukizi yale moja moja, akasema tu, "Aliipanda vizuri."

Wazee wa ukoo hawangeweza tena kujificha nyuma ya macho mabovu ya jirani. Mwezi haukuisha wakaja Nyanga, wawili, na baba mdogo nyuma yao. Ilikuwa saa tisa alasiri, nimerudi mapema. Niliwaona wakishuka kwenye pikipiki mmoja mmoja, wakijipangusa vumbi, na baba mdogo amevaa koti la kijivu, na nikawaza, amethubutu. Mama akatandika mkeka akakaa chini karibu na mlango wa ndani. Wageni nikawapa viti. Mimi nikataka kwenda kupika chai.

"Kaa," akasema mzee mkubwa. "Leo tumekuja kwako."

Niliketi. Hakuna siku katika maisha yangu ukoo uliwahi kusema umekuja kwangu.

Mzee mkubwa alitoa mfukoni kifurushi kidogo cha ganda la mgomba, akakifungua mezani. Kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani ya harufu na kukaushwa. Mgeni yeyote hupewa, lakini ikiletwa namna hii na wazee, kwa ugomvi, ina kazi nyingine. Aliyekosewa akichukua moja akaitafuna, shauri limekwisha, na hakuna mtu wa ukoo anayeruhusiwa kulifufua. Asipoichukua, wazee huondoka nayo, na hawarudi mara ya pili. Hilo hakuna aliyehitaji kunieleza.

"Mpaka utarudi pale kaka yetu alipouweka," akasema mzee mkubwa. "Nyumba itafunguliwa. Mama yako atakaa mpaka Mungu atakapomchukua, na siku hiyo atalala pembeni ya mume wake. Tumelisema hili mbele ya msika, naye amekubali. Wewe ndiye uliyeanzisha maneno, ni mtoto wa marehemu, wewe ndiye wa kuyamaliza. Na huo mchezo wako uutoe."

Nilimtazama baba mdogo. Alikuwa ameshika kofia magotini, akiizungusha ukingo wake polepole.

"Mchezo nimeusoma," akasema. "Mjukuu wangu alinisomea. Tumerudia mara nyingi, tumebadilisha kila pale unapouliza. Nilikuwa natafuta mahali ambapo yule mzee anaweza kuirudisha milamula akaomba radhi. Hukuweka. Hata yule wa kwenye simu, mwanangu, hukumpa nafasi."

"Na wewe, mama yangu ulimpa nafasi gani?"

"Ndiyo maana nimekuja."

"Basi sema," nikamwambia. "Sema niliiba. Neno moja. Sema hapa, halafu Jumapili ulirudie kanisani."

Mzee wa pili akakohoa. Baba mdogo akawatazama wazee, akatazama mkeka alipokaa mama, akasema kwa sauti ya chini, "Nimekuja na kahawa, mwanangu. Kahawa ndiyo inasema."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonichemsha. Kwa mila yetu mzee haji na kahawa halafu akatamka kosa lake kama mtoto wa shule. Kuja kwenyewe ndiko kukiri. Najua, nililelewa humo. Lakini nilikuwa nimeishi na yule wa kwenye mchezo miaka miwili, yule asiye na pa kutokea, nikamzoea, na huyu aliyekaa mbele yangu na magoti yake membamba alikuwa anataka kunitoroka kwa mlango ambao sikuuchora. Niliona mlango unafunguka. Damu ikanipanda. Nikaweka kidole kimoja kwenye kile kifurushi nikakisukuma, taratibu, mpaka kikafika ukingo wa meza upande wake.

Mzee mkubwa akakifunga kifurushi vizuri, kwa uangalifu, akakirudisha mfukoni. Wakasimama. Baba mdogo akamwinamia mama kidogo, akavaa kofia. Niliwasikia wakiwaita wale wa pikipiki.

Nitasema jinsi nilivyojisikia, maana sipendi watu wanaosimulia maovu yao na kujifanya waliumia papo hapo. Nilijisikia vizuri. Nilijisikia mkubwa. Nilipika ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage usiku haujaingia, nikaimba.

Mama hakula. Wala hakugomba. Siku tatu alifanya kazi zake kama kawaida, akanisalimia asubuhi, akaniuliza habari za kazini. Siku ya nne nilimkuta amekaa nje anapepeta mchele, akaniambia bila kuinua uso:

"Mimi nilisikia, 'atalala pembeni ya mume wake.' Baada ya hapo masikio yangu yalijaa, sikusikia neno lingine. Wewe ulikuwa unasikiliza nini?"

Nikaanza kueleza. Nikasema aliiba, mama, nikasema hakutaka hata kulitamka. Akatoa punje moja nyeusi kwenye ungo akaitupa. "Aliiba," akasema. "Nilijua kabla yako. Nilikuwa nimeshalala nalo kitanda kimoja miaka yote hii."

Akaendelea kupepeta. Nilisubiri aniulize kwa nini sikumwuliza yeye kwanza, yeye aliyekaa mkekani hatua mbili kutoka kwangu. Sikuwa nimegeuka hata kumtazama. Niliwalaani wazee kwa kunipita na birika mkononi, na siku waliponiona, mimi nikampita mama yangu.

Nilishikilia kiburi wiki tano. Kisha nikampigia baba mdogo simu, mimi, niliyeapa kwamba sauti yangu ataisikia msibani kwake tu. Nilimwambia nakubali. Nilimwambia mchezo nitautoa leo hii. Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine.

Nilisikia kuku nyuma yake.

"Mwanangu," akasema, "lile nililisema mbele ya wazee, na mbele ya wazee likakataliwa. Mimi peke yangu siwezi kulirudisha. Nilikwenda kuwaomba, usifikiri sikwenda. Wameniambia niache. Msalimie mama." Akasubiri mimi nikate kwanza, kama mtu mwenye adabu.

Mpaka leo sijui kama alikwenda kweli kuwaomba. Kama hakwenda, ni mwongo. Kama alikwenda, ananizidi. Namchukia kwa yote mawili, na zaidi kwa ule upole, maana angenicheka ningejua pa kumshika. Mchezo sikuutoa. Upo, watu wanaucheza, mmoja ameutafsiri kwa Kireno. Wengi wananiuliza swali lile lile, kwa nini yule mzee hana njia ya kurudisha alichochukua. Siwajibu. Nimejaribu mara mbili kuichora njia hiyo, nimefika kwenye uso wake, mkono umegoma.

Mwaka huu, mwezi wa mvua fupi, mama alinitaka nimsindikize kwao Muleba. Kaka yake, mjomba wangu, alitupokea vizuri, akatuchinjia kuku, akamwita mama kwa jina la utotoni. Baada ya chakula walitoka wawili kibanjani na mimi nikafuata nyuma. Mjomba alikuwa ameshapafikiria mahali. Si katikati walipozikwa wazazi wao, maana huko kumetengwa kwa ajili ya wenye mji na wake zao. Ni pembeni, karibu na njia ya watu, chini ya migomba michanga. Alieleza kwa aibu, akirudia kwamba ni pakavu, maji hayatuami.

Mama alisimama pale. Alitazama upande wa barabara, kisha upande wa ziwa, ambalo kutoka pale halionekani. Akauliza kama watoto wanapita hapo wakienda shule. Mjomba akasema wanapita, asubuhi na mchana. Akasema, "Basi panatosha."

Halafu akanigeukia. Miaka yote ile hakuwahi kuniambia neno kali, na hata hilo alilisema kwa sauti ya utani, mkono kiunoni, mjomba akisikia.

"Wewe ni mchoraji. Pachore hapa vizuri, usije ukapata hasira tena nikakosa na hapa."

Mjomba akacheka kidogo, akaacha. Nikatoa daftari. Mama akasogea pembeni ili asinizibe, akasimama akisubiri nimalize.